Blanketi la Mzee Damiani

Singida Mjini,
11 Februari 2024

Baba Chediel,

Shikamoo yako uliyomtuma kondakta wa basi imenifikia, nami naipokea, marahaba, ingawa shikamoo inayobebwa na kondakta hufika imevunjika shingo. Mimi ni mzima. Goti la kushoto bado linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mtoto wa dada yako Aneth ameota meno mawili na tayari anamng'ata mama yake, kwa hiyo hakuna ubishi, ni wa ukoo wetu. Kanisani wamenunua kipaza sauti kipya, sasa hata sisi tuliokuwa tunasinzia vizuri tunasumbuliwa. Msalimie Magreth. Mwambie ale mboga za majani na asikusikilize wewe kwa lolote linalohusu mimba. Mimi ndiye mkunga.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Wewe ukipiga unapanda juu ya kichuguu huko Rungwa, unapayuka "Shangazi, unanisikia?" mpaka majirani zangu wote wanakusikia, kisha mtandao unakufa. Wazee walinisomesha kuandika. Nitaandika.

Sasa mambo ya mjini. Tangu nistaafu nimepata mahali pa kwenda Jumatano na Jumamosi. Kuna duka la vitu vilivyotumika nyuma ya soko, la Mzee Damiani. Juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: TUNANUNUA NA KUUZA. VITABU, PASI, REDIO. MANENO HATUNUNUI. Ndani kuna pasi za mkaa, viatu vilivyopotezana na wenzao, na baiskeli isiyo na gurudumu. Ukishaipita hiyo baiskeli, vitabu, baba! Riwaya za upelelezi zenye karatasi za njano. Riwaya za mapenzi ambazo mtu amechana ukurasa wa mwisho akaondoka nao, sijui alitaka kumwonyesha nani. Unapeleka chako, unaongeza kidogo, unachukua kingine.

Huyo Damiani ni Mnyaturu wa Ikungi, mrefu, amefiwa na mke, miwani yake ameifunga kwa uzi, na kiburi anacho cha kutosha kata nzima. Nilimpelekea riwaya yangu, akaigeuza kama bwana mifugo anayemkagua ng'ombe wa kuhara. "Mama, hii imesomwa sana," akasema. Nikamwambia kitabu kisichosomwa sana ni tofali. Akacheka kwa pua, akaichukua. Jumamosi nilirudi kuangalia kama ameiuza. Hajaiuza, anaisoma yeye.

Ukipata ruhusa kazini uje.

Shangazi yako,
Damari


Rungwa,
3 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hii nimeiandika mwenyewe, ikague shingo.

Huku tuko salama. Magreth anakula mboga za majani na amekataa kunisikiliza, hongera. Tembo walipita shambani kwa jirani, mahindi yamebaki hadithi. Mtendaji wa kijiji alikuja kukagua mizinga bila kuvaa kofia ya wavu kwa sababu yeye ni serikali. Nyuki hawakuitambua serikali. Uso wake ulivimba wiki nzima na alipohutubia mkutano watu walitazama chini wasicheke.

Hilo duka lako, shangazi, limenichekesha na kuniudhi. Nilipokuwa mdogo ulinichapa kwa sababu ya kukunja kona ya kitabu chako. Leo unavipeleka mwenyewe kwa mzee mwenye miwani ya uzi, na unaongeza hela juu! Mimi ni bwana nyuki, namjua mdudu anayeingia kwenye mzinga kutafuta makazi na namjua anayeingia kula. Huyo anakula. Halafu kitabu ulichomuuzia anakisoma bure, akimaliza atakuuzia tena.

Kumbuka, binti yangu, mimi ndiye niliyebeba jina la baba yako. Nikisema angalia, angalia.

Chediel


Singida Mjini,
21 Aprili 2024

Baba Chediel,

Barua yako imekaa Itigi mpaka ikazoea, kwa sababu ya mvua na ile barabara. Imefika ina alama ya kikombe cha chai. Marahaba. Aneth na mtoto wazima. Mama yake Stumai amepona. Stumai ni yule anayeuza uji mlangoni kwa Damiani, sijui kama nimekutajia. Huyo dada akijua jambo asubuhi, saa sita limefika Mkiwa.

Usiniite binti yako kwa sauti ya kunitisha. Ni kweli umebeba jina la baba, ndiyo maana nakuita baba, lakini nilikutoa tumboni kwa mama yako kwa mikono yangu hii, ukitanguliza miguu, na tangu siku hiyo hujawahi kutanguliza kichwa.

Damiani amenijengea rafu. Iko nyuma ya duka, ameizuia na pazia ili wateja wasiifikie. Vitabu vyangu sasa vinakaa huko, haviuzwi. Nikienda nakuta kiti, naketi, nasoma, naye anabishana na watu wa pasi. Wakati mwingine anakuja kuniuliza muuaji ni nani. Simwambii. Jumamosi iliyopita hatukusoma kabisa, tuliongea mpaka Stumai akafunga uji wake akaenda nyumbani akitutazama kwa nyuma.

Aliniuliza ukoo wetu una mwanaume gani aliye hai. Nikamwambia yuko mmoja, anakaa na nyuki, amebeba jina la baba yangu. Akasema, "Basi huyo ndiye baba yako." Nikasema ndiye, hatuna mwingine. Akasema atamngoja.

Kuna kitu kiko sebuleni kwangu juu ya kabati. Kimekunjwa, sijakifungua, si mimi wa kukifungua. Njoo ukione. Kuna mambo mtu wa umri wangu hawezi kumwandikia kijana aliyemfunga nepi, kwa hiyo naishia hapo na wewe utumie akili.

Damari


Rungwa,
19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tuko wazima. Barua yako niliisoma, nikamsomea na Magreth. Magreth akacheka mpaka akashika tumbo. Nilipomuuliza anacheka nini akasema, "Soma tena." Nimesoma tena. Sioni kichekesho.

Ninachokiona ni hiki. Mzee amehamisha vitabu vyako vyote kwake. Amevificha nyuma ya pazia. Halafu anauliza ukoo wetu una wanaume wangapi. Shangazi, huku kwetu porini, mtu akija kuuliza walinzi wako wapi na wako wangapi, huyo ni jangili, hatumkaribishi chai.

Nimepata ruhusa mwezi wa sita. Nakuja na asali, na huyo mzee nitamwona mwenyewe.

Chediel


Rungwa,
23 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole na msiba wa Sekenke. Nimesikitika kwamba nimefika Singida wewe umeshaondoka kwenda kuzika. Ndoo ya asali nimeiacha jikoni, usimpe mchungaji yote. Ufunguo nilipewa na Stumai pamoja na habari nyingi ambazo sikuziomba.

Sasa ukae vizuri, maana nimekutengenezea mambo.

Nimeingia sebuleni nikakuta rafu yako ya vitabu tupu. Tupu, shangazi! Pale palipokuwa na vitabu tangu nina akili, pana kuku wa plastiki. Juu ya kabati nikaona blanketi jipya, kubwa, zito, bado liko ndani ya nailoni yake. Nikamuuliza Stumai limetoka wapi. Akasema, "Limetoka kwa Damiani," akaziba mdomo na khanga. Nikaelewa yote. Mzee kala vitabu vya maisha yako yote, akakuziba mdomo na blanketi, nawe umeona aibu kuniambia umetapeliwa, ndiyo maana ulikuwa unazungukazunguka kwenye barua.

Nikalibeba begani mpaka dukani. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa. Nikaliweka juu ya meza yake, pu! Nikasema kwa sauti, "Shangazi yangu hana haja na hiki. Chukua kilicho chako, toa kilicho chetu."

Nilidhani atabisha, nilikuwa nimejiandaa. Akanitazama tu na ile miwani.

"Wewe ndiye Chediel?"

"Ndiye."

"Mwenye jina la mzee?"

"Mwenye jina la mzee."

"Na umelirudisha wewe mwenyewe, kwa mikono yako."

"Kwani unaona mikono ya nani?"

Akasema, "Basi nimesikia." Akaingia nyuma ya pazia, akavitoa vitabu vyote, akavipanga kwenye maboksi taratibu, kimoja kimoja akikifuta vumbi. Hakudai kitu. Mtu mwenye haki angekaa kimya hivyo? Nikakodi toroli, nikavirudisha kwako vyote. Kuku wa plastiki nimemhamishia jikoni.

Kwa hiyo hakuna tena sababu ya kwenda kule kupigwa na vumbi. Usinishukuru. Ndiyo kazi ya wanaume wa ukoo.

Chediel


Rungwa,
4 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Magreth amejifungua salama, mtoto wa kike, na kichwa kilitangulia. Nilikutumia habari kwa kondakta. Anasema alikukabidhi mkononi, ukashukuru kwa ajili ya mtoto, ukafunga mlango.

Wiki ya ngapi hii hujaandika? Au asali ilikuwa na nta? Magreth nilimwambia yale niliyoyafanya dukani, akaniuliza, "Umefanya nini?" Nikarudia. Tangu hapo anaongea na mtoto tu. Kama kuna kitu, niambie.

Chediel


Singida Mjini,
25 Agosti 2024

Chediel,

Naona nimekuita kwa jina. Baba nitakuita nikipoa.

Mtoto namsalimia, na mama yake namsalimia, na ningekuwa nimekuja kumwogesha kama usingekuwa unakaa nyumba hiyohiyo. Mwambie Magreth nimejua kwamba alielewa tangu mwanzo. Mwenye akili mmoja anatosha nyumba, ila angekuwa na huruma angekuambia.

Nitakuandikia kama ninavyomwandikia mtoto wa darasa la pili. Katika ukoo wetu, mjane haletewi barua ya uchumba kama msichana. Anayemtaka huleta kitu kikiwa kimekunjwa. Kinakaa bila kufunguliwa mpaka baba wa huyo mwanamke, au mwenye jina la baba, akifungue. Akikifungua, posa imepokelewa. Akikirudisha kwa mikono yake, posa imekataliwa na hakuna wa kuuliza. Hili ulilisikia tangu mdogo, ulikaa kwenye mikeka ya wazee ukila nyama yao. Ulikuwa unasikiliza nini? Mifupa?

Lile blanketi lilikuwa posa, Chediel. Mtu anayeuza vitu vilivyotumika maisha yake yote alitoka akaenda duka la Wahindi akanunua kitu kipya kwa ajili yangu. Na vitabu havikuibwa. Vilitangulia. Mimi ndiye niliyekuwa navihamisha kidogokidogo, kwa sababu nilijua siku nikihama mwenyewe sitaweza kuvibeba vyote na goti hili.

Nilitoka Sekenke na vumbi la makaburi miguuni, nikapita dukani kabla hata ya kufika nyumbani, kwa jinsi nilivyokuwa nimemkumbuka. Damiani akasimama. Akaweka mikono nyuma. Akaniambia, "Shikamoo, mama."

Umeelewa? Aliniamkia! Mtu aliyenizidi miaka, ambaye kabla tu ya msiba alikuwa ananiita Damari na kunimenyea karanga, ananipa shikamoo kama mke wa mkuu wa wilaya. Nilidhani ananitania. Akasema, "Ukoo umesema, nami nimesikia." Akarudi kwenye pasi zake. Sokoni kote wanajua. Stumai ananipa uji bure kwa huruma, na hakuna kitu kinachonitia hasira kama uji wa huruma.

Nimelia, ukitaka kujua. Nina miaka sitini na moja, nimelia kama msichana aliyenyimwa kwenda ngoma. Nilikuwa na furaha, wewe mtoto. Nilikuwa na furaha na ulikuja ukaibeba begani ukairudisha dukani.

Vitabu umevipanga vibaya. Nusu viko kichwa chini.

Damari


Rungwa,
8 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Nimesoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikashindwa kula.

Sina la kujitetea. Magreth anasema hata nyuki wangeelewa. Ameanza kuongea nami, lakini anaongea hayo tu. Nimemwandikia Mzee Damiani, kondakta ameirudisha, anasema mzee alimjibu kwamba maneno hanunui.

Nitakuja. Nitaleta mbuzi, nitakaa chini mbele yake, wazee wa kwao waitwe na wa kwetu waitwe, nitasema nilikosea. Shida ni kwamba mioto imeanza kwenye hifadhi na ruhusa zote zimefutwa mpaka mvua. Mimi ndiye mwenye jina la babu, mimi ndiye niliyekataa, kwa hiyo ni mimi wa kukubali. Nivumilie mpaka Desemba. Niambie tu nisemeje, nitasema vilevile.

Mtoto tumempa jina lako. Magreth ndiye aliyechagua, anasema angalau huyu akue akijua kujibu.

Chediel


Singida Mjini,
6 Oktoba 2024

Baba Chediel,

Marahaba. Umeona, nimerudi kukuita baba. Hasira imepungua, haijaisha. Aneth mzima, mtoto wake anatembea na kuvunja. Huyo Damari mdogo mnibusie kwenye nyayo.

Usije na mbuzi. Mbuzi ataliwa, wazee watazungumza mpaka Krismasi, kisha atatokea mjomba fulani aseme kikao hakikutimia. Mimi huo muda sina.

Jumatano nilioga, nikavaa kitenge cha harusi ya Aneth, nikaenda dukani. Damiani akasimama, akaweka mikono nyuma. Nikamwambia, "Ukiniamkia nakupiga na pasi." Akakaa. Stumai akaliburuta sufuria lake la uji mpaka mlangoni, akajifanya anakoroga.

"Nani alikukataa?" nikamuuliza.

"Baba yako."

"Alipokukataa, shangazi wa binti alikuwa ameshaingia ndani kumuuliza binti?"

Akafikiri. Wanyaturu wakifikiri unaweza kwenda kisimani na kurudi. Akasema, "Hapana. Alikuja na blanketi tu."

"Basi bado hakuna kilichosemwa."

Nawe ujifunze hili, maana una binti sasa. Wanaume wanaweza kukaa uwanjani wakakohoa watakavyo, lakini kabla hawajajibu, shangazi huingia ndani kwa binti na kumuuliza: huyu mtu unamfahamu? Tumpokee? Neno analotoka nalo ndilo jibu. Dada yako Jenipher niliingia kumuuliza mimi. Aneth nilimuuliza mimi. Wasichana wote wa ukoo huu niliwauliza mimi, kwa sababu shangazi aliyebaki ni mmoja.

Nikamwambia Damiani atulie hapo kama mgeni. Nikaingia nyuma ya pazia, kwenye rafu tupu. Nilikuwa nataka kucheka. Nikasema kwa sauti, wanisikie mpaka kwenye uji, maana hili halifanywi kwa kunong'ona: "Binti Damari, kuna mtu amekuja. Unamfahamu?"

Hapo kicheko kikaniishia.

Baba, nilipoolewa na marehemu mume wangu hakuna aliyeingia kuniuliza. Shangazi yetu alikuwa amekufa mwaka huo, na babu yako akasema haina haja, akajibu yeye. Nilikuwa jikoni napukuchua mahindi, nikasikia vigelegele vinapigwa nje, nikamuuliza mama nani anaolewa. Marehemu alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Lakini hilo swali nimewauliza wenzangu maisha yangu yote, nikawaona wanalia, nikawa nawacheka kimoyomoyo, nasema hawa wanalilia nini, si ni swali tu? Na baba yangu alinijibia mara moja, kisha ukaja wewe na jina lake ukanijibia mara ya pili. Nilisimama pale nikalia, na nje hakuna aliyesogea wala kukohoa. Hata watu wa pasi walisubiri.

Kisha nikamjibu shangazi. Nikasema namfahamu. Nikasema mpokeeni.

Nikafuta uso kwa ncha ya kitenge, nikatoka, nikasimama mbele ya Damiani nikamwambia kwa ile sauti ya uwanjani, "Binti amekubali."

Yule mzee wa kiburi alivua miwani yake ya uzi, akajaribu kuifuta, ikamwangukia. Akasema, "Mwambie binti nashukuru sana." Stumai akapiga vigelegele mpaka uji ukaungua.

Ndoa ni Jumamosi ya mwisho ya Desemba, mvua ikikupa ruhusa. Uje na mke wako na mtoto. Utapewa kiti mbele pamoja na wazee, nyama utapewa, na ukiulizwa kitu chochote na mtu yeyote, unyamaze, wanitafute mimi.

Ni mimi shangazi yako, niliyeulizwa nikajibu,
Damari